Uliza Ujibiwe: Katuni Zimehamia Kwenye Simu, Macho Nayo Yanalalamika

Toleo lililopita tuligusia mistari miwili tu kuhusu kusoma katuni kwenye simu janja na vishikwambi, tukadhani tumemaliza, kumbe tumechokoza nyuki. Meseji zimeingia kutoka Igoma, Nyegezi, Buzuruga mpaka Sengerema ng'ambo ya maji. Wengi wameuliza kitu kilekile kwa maneno tofauti kwa hiyo tumechagua chache, wengine mtajiona humohumo. Na niseme mapema msimamo wangu: kabla hujauliza ununue kifaa gani, jua kwanza unasoma katuni ya aina gani, maana ukurasa uliochorwa kwa ajili ya karatasi na ule uliochorwa kwa ajili ya kidole gumba ni vitu viwili.

Niaje kiongozi. Niko chuo hapa Nyegezi, simu yangu ina kioo cha inchi 6.5, nasoma zile katuni za Kimarekani za mashujaa ila maandishi kwenye viputo ni madogo balaa, nikivuta kwa vidole naona maneno ila picha inakatika, nikirudisha picha nakosa maneno. Nimebana kahela kidogo ka bumu nataka nivute kishikwambi. Nichukue cha inchi ngapi? – Mwanachuo, Nyegezi

Poa mdogo wangu. Hiyo bumu iache kwanza mfukoni, tafuta rula. Kitabu cha katuni cha Kimarekani cha karatasi kina upana wa sentimita kama 17 na urefu wa 26. Sasa pima kioo cha simu yako ukiwa umeishika wima, utapata upana wa sentimita 7 hivi, yaani umechukua ukurasa wa 17 umeubana kwenye 7, herufi zimebaki chini ya nusu ya zilivyokuwa, hapo hata ukienda kupima miwani haisaidii kitu.

Ilaze simu. Tena usiishie kuilaza tu, ingia kwenye setingi za apu unayosomea uchague ukurasa ujae kwa upana na siyo kwa urefu. Simu ya inchi 6.5 ikilala ina upana wa sentimita 15, unaona sasa tumekaribia karatasi yenyewe. Ukurasa mmoja utaushusha mara tatu au nne kwa kidole, fremu za juu kwanza, za kati, halafu za chini, na kwa kuwa wachoraji wengi wanapanga fremu kwa safu, mara nyingi kila ukishusha unakutana na safu nzima bila kukatika. Wiki moja ukizoea utashangaa ulikuwa unahangaika na nini.

Kuna na ile njia ya fremu kwa fremu, unagusa kioo, apu yenyewe inakusogeza kutoka picha moja kwenda nyingine imeikuza tayari. Walioifanya ijulikane ni comiXology wa Marekani, walianza 2007, Amazon akawanunua 2014, na Desemba 2023 apu yao ikamezwa na Kindle, apu ya Amazon ya kusomea vitabu, kwa hiyo siku hizi ukinunua katuni kwa Amazon unazisomea mule ndani ya Kindle. Mimi naiona inafaa kwenye daladala ya kwenda Igoma ukiwa umesimama mkono mmoja umeshika bomba, ila nyumbani hapana. Mchoraji akichora mtu anaanguka kutoka ghorofani kwa fremu moja ndefu iliyoshuka pembeni mwa ukurasa wote, huku fremu ndogondogo za watu wanaokodoa macho zimepangwa kando yake, wewe ukikatiwa kipande kimoja kimoja lile anguko hulioni, unaona mtu kaelea tu.

Haya, kishikwambi. Cha inchi 10 na nusu cha umbo la 16 kwa 10 kina upana wa sentimita 14 na urefu 22 na ushee, ukurasa wa Kimarekani unaingia wote umepungua kidogo tu na maneno yanasomeka bila kuvuta. Kama wewe ni mtu wa manga za Kijapani usijipe gharama, vile vitabu vyao ni vidogo hata kwenye karatasi, upana kama 11 na nusu urefu 17 na nusu, kwa hiyo kishikwambi cha inchi 8 kinakupa ukurasa karibu wa ukubwa wake halisi, na ni chepesi hakichoshi mkono ukiwa umelala chali. Na kama katuni zako nyingi ni zile ndefu za kushuka tu kama za WEBTOON, huduma ambayo Wakorea wa Naver waliianza 2004, basi kula bumu yako kwa amani, zile zimechorwa kwa ajili ya skrini ya kuskroli na simu iliyosimama wima ndiyo mahali pake, kwenye kishikwambi kikubwa zinaonekana zimevimba tu.

Ukiamua kununua, nenda na memori kadi yenye kurasa mbili tatu za katuni unayoijua, pale dukani mwambie muuzaji akuruhusu uzifungue. Usikubali akuonyeshe video ya rangirangi, video inapendeza kwenye kioo chochote. Angalia herufi ndogo kabisa kwenye kiputo, kama kingo zake zina ukungu basi pikseli ni chache, cha 1920 kwa 1200 kinatosha vizuri ila cha 1280 kwa 800 kwa inchi 10 utakichukia. Uliza pia toleo la Android, vifaa vya zamani apu nyingi zinavikataa, na vya mtumba hasa ndiyo vina ugonjwa huo.

Habari za kazi ndugu mhariri. Mimi nafanya biashara ya dagaa hapa Mwaloni Kirumba, nasafiri Bukoba na meli mara kwa mara, usiku mrefu na mtandao katikati ya ziwa hamna. Kijana wangu kaniwekea katuni lakini nikifika kati zinagoma kufunguka. Nifanyeje zikae kwenye simu moja kwa moja? – Mzee wa Dagaa, Kirumba

Shikamoo mzee wangu. Bila shaka kijana hajakuwekea katuni, kakuwekea mlango tu, ile picha ya jalada unayoiona inaita kurasa kutoka mtandaoni na mtandao ukikata haina kitu. Dawa ni mbili. Kama unasomea kwenye apu yenye kitufe cha kudaunlodi, daunlodi ukiwa bado mjini, halafu zima data palepale sebuleni ufungue kila moja uone inafunguka kweli. Kumbuka tu baadhi ya apu zinazipa muda, ukikaa nazo sana zinafutika zenyewe.

Dawa ya pili ndiyo naipenda, faili lako mwenyewe. Mwambie kijana akutafutie katuni za CBZ au CBR, hayo majina yasikutishe, CBZ ni picha za kawaida, kila ukurasa picha yake, zimefungwa pamoja kwenye zip, basi, na CBR ni hivyohivyo ila imefungwa kwa RAR. Unaweka kwenye memori kadi, unasomea kwenye apu kama Perfect Viewer au CDisplayEx, ziko Play Store, hazihitaji mtandao kabisa. Hata yeye mwenyewe anaweza kukutengenezea, achukue picha za kurasa aziweke folda moja, azifunge zip, abadilishe mwisho wa jina kutoka .zip kuwa .cbz. Ila azipe namba kwa sifuri mbele, 001, 002, 003, maana akiandika 1, 2, 3 kuna apu zitakupeleka kutoka ukurasa wa 1 kwenda wa 10 halafu wa 11, wa 2 unaukuta mbele huko, utadhani mwandishi kalewa.

Nafasi isikusumbue. Tuseme ukurasa ni KB 500, kitabu cha kurasa 24 ni MB 12, kadi ya GB 32 inabeba vitabu zaidi ya elfu mbili, humalizi mpaka dagaa waote miguu. Kwa hiyo huyo anayekuuzia kadi ya GB 512 kwa bei ya chipsi mayai mkimbie. Kadi feki inajitangaza kubwa ila ndani ni ndogo, unajaza vizuri, siku ukifungua unakuta ukurasa nusu ya juu ni picha na nusu ya chini ni rangi ya kijivu tupu, na hizo kurasa hazirudi tena. Mwenye kompyuta ya Windows aipime kwa programu inaitwa H2testw, ni ya bure, inaandika kadi yote ijae halafu inasoma tena kuona kama kilichoandikwa kipo, inachukua masaa lakini inasema ukweli.

Na ukishapanda meli weka simu kwenye hali ya ndegeni. Simu ikikosa mnara inahangaika kuutafuta usiku kucha, ndiyo maana unafika Bukoba chaji imeisha na hukupiga hata simu moja. Punguza mwanga wa kioo pia, wenzako kwenye viti wamelala.

Mbona nikisoma manga stori haieleweki, mtu anajibu kabla hajaulizwa? – Kaka wa Igoma

Unasoma kinyume braza. Manga zinaanza kulia kwenda kushoto, kurasa na hata fremu ndani ya ukurasa. Kwenye apu tafuta setingi ya mwelekeo wa kusoma, iwe kulia kwenda kushoto, ili ukitelezesha kidole ukurasa uje upande wake. Halafu rudia kuanzia sura ya kwanza, pole sana.

Dada/kaka wa safu, mimi mama wa watoto wawili pacha wa miaka 10, Kulwa na Doto. Wanagombania simu yangu usiku wasome katuni, baba yao anasema wataharibu macho. Na juzi nimeona meseji ya hela imekatwa sielewi ya nini. – Mama Kulwa, Buzuruga

Mama Kulwa, tuanze na hela. Apu nyingi za katuni sura za mwanzo ni bure halafu zinauza sarafu za kufungulia sura mpya, na mtoto akikuta sura imefungwa pale stori ilipokolea atabonyeza chochote kinachong'aa. Ingia Play Store, kwenye setingi weka kwamba kila manunuzi yaombe nywila au alama ya kidole, na alama yenyewe iwe yako, siyo uliyomsajilia Kulwa ili akufungulie simu ukiwa jikoni. Kama uliunganisha kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotoka kwenye pesa ya simu, itoe mpaka utakapoihitaji.

Macho sasa. Baba yao ana hoja ila siyo yote. Mtu akikodolea kioo hapepesi macho inavyotakiwa, yanakauka, yanawasha, kichwa kinauma, hiyo inatokea hata kwa sisi watu wazima ofisini. Wataalamu wa macho wana kanuni rahisi, kila dakika 20 mtoto aangalie kitu kilicho mbali, mita 6 kwenda mbele, kwa sekunde 20, na hapa Mwanza vitu vya mbali havikosi, mlango ukiwa wazi aangalie yale mawe ya kule mlimani. Simu isiwe puani, iwe umbali wa mkono uliokunjwa kidogo. Mwanga wa kioo ulingane na wa chumba, ile ya kujifunika shuka gizani na kioo kimewaka mpaka mwisho ndiyo mbaya, na usingizi nao unapotea. Kikubwa zaidi watoke nje mchana wacheze, watoto wanaokaa nje sana kwenye mwanga wa jua wana nafuu kwenye hili tatizo la kutoona mbali. Ukiona mmoja anakunja uso kusoma ubao au analalamika kichwa kila jioni, mpeleke kliniki ya macho, Bugando ipo na Sekou Toure ipo.

Halafu soma na wewe. Siyo kwa ajili ya upelelezi, ni kwamba picha kuchorwa vizuri na macho makubwa haina maana ni ya watoto, zipo za wakubwa tupu na jalada lake limepambwa maua. Soma sura mbili za kile wanachosoma utajua. Na kugombania kutaisha ukinunua hata kishikwambi kidogo cha mtumba wasome pamoja kwa zamu ya kugeuza ukurasa, mapacha hao wataelewana.

Kuna grupu nimeungwa lina katuni zote duniani bure, mpya zikitoka leo kesho ziko humo. Kuna ubaya gani? Kununua kwenyewe kwetu huku ni mtihani. – Msomaji, Pasiansi

Ubaya upo na unaujua ndiyo maana umeuliza. Hiyo ni kazi ya mtu imeskaniwa na kusambazwa bila ruhusa yake, hapa nchini tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo. Mimi siyo polisi, ila kinachoniudhi ni kwamba haohao wanaojaza magrupu wakiona mchoraji wa Kitanzania kaweka katuni yake kwa shilingi elfu moja wanasema ghali. Na upande wa usalama, ukiombwa usakinishe apu kutoka kwenye linki ya grupu nje ya Play Store ndipo pesa zako za simu zinapotafutwa.

Kwamba kununua ni mtihani nakubaliana nawe, bei za dola, kadi inakataa, ukifanikiwa hata faili hupewi, unapewa ruhusa ya kusomea ndani ya apu yao na wakiifunga inabidi uwafuate wanakohamia. Ila bure za halali zipo nyingi kuliko unavyodhani. Wachapishaji Shueisha wa Japani tangu Januari 2019 wana apu ya MANGA Plus, katuni zao nyingi unasoma sura 3 za kwanza na 3 za mwisho bila kulipa, na mpya zinatoka kwa Kiingereza karibu sambamba na Japani, Kiswahili ndiyo bado hakimo. WEBTOON nyingi ni bure ukiwa na subira ya kungoja. Ukipenda vya kale, kuna Digital Comic Museum, wamekusanya katuni za Kimarekani za miaka ya 1930 mpaka 1950 ambazo hakimiliki yake imeisha, unafungua akaunti bure unadaunlodi CBR na CBZ zako halali kabisa, mzee wa dagaa hapo juu nawe sikia hii. Ukweli ni kwamba nyingine zina ubaguzi wa enzi zile, watu weusi wamechorwa hovyo, kwa hiyo siyo za kumwachia mtoto peke yake.

Mimi ni mwalimu, kishikwambi nilichopewa kilitumika kwenye sensa ya 2022. Naruhusiwa kusomea katuni? – Mwalimu, Sengerema

Shikamoo mwalimu. Hicho ni cha kazi, kwa ruhusa muulize mkuu wako, siyo mimi. Ushauri wangu ni usikijaze maapu ya ajabu, faili moja la PDF la katuni ya kufundishia halimkeri mtu, na wanafunzi wanne wakizunguka kioo kimoja kusoma majibizano kwa sauti, kila mmoja na mhusika wake, kipindi cha Kiswahili kinachangamka.

Bosi mimi ni mchoraji, natumia karatasi ya A4 na kalamu nyeusi, napiga picha na simu narusha WhatsApp na Instagram. Washkaji wanasema michoro mikali ila hawawezi kusoma. Sina hela ya kishikwambi cha kuchorea. – Mchoraji, Mabatini

Huhitaji kishikwambi kijana, hilo swali limenifurahisha kuliko yote. Wazee wetu kama Christian Gregory na mhusika wake Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru walichora kwa ajili ya nafasi ya gazeti, wewe nafasi yako ni kioo cha sentimita 7, kwa hiyo chora ukikijua.

Hesabu ni hii. A4 ina upana wa sentimita 21, ikifika kwenye simu inapungua mara tatu. Herufi uliyoandika ya milimita 3 inafika ikiwa milimita 1, nani ataisoma. Andika herufi kubwa za milimita 6 na kwenda juu, utaona zimejaa sana kwenye karatasi lakini kwenye simu zitakaa vizuri. Hiyo itakulazimisha kupunguza maneno, na hapo ndipo utakapojua kwamba mhusika wako alikuwa anaongea mno.

Acha kupanga fremu tatu zikiwa bega kwa bega. Zipange moja chini ya nyingine, kwenye A4 moja fremu mbili zinatosha, kila moja imechukua upana wote. Na ile nafasi nyeupe kati ya fremu na fremu usiionee uchungu, kwenye katuni ya kuskroli hiyo ndiyo saa yako, ukitaka msomaji angoje kidogo kabla hajaona mlango umefunguliwa na nani, muongezee nafasi, kidole chake kishuke shuke bila kuona kitu, halafu ndiyo umpe mama mkwe. Fremu za ugomvi zibane zifuatane.

Kupiga picha: weka karatasi sakafuni karibu na dirisha asubuhi, bila flashi, simu iwe juu sawa bila kuinama, kivuli cha kichwa chako kisiingie. Apu za kuskani nyaraka zinasaidia kunyoosha kingo na kufanya karatasi iwe nyeupe badala ya ile rangi ya chai. Steshenari yenye skana ni bora zaidi, waombe waskani kwa dpi 300. Ukitaka kupandisha WEBTOON kwenye upande wao wa Canvas ambao yeyote anaruhusiwa, picha zao zina upana wa pikseli 800 na urefu usizidi 1280, kwa hiyo ukanda wako mrefu unaukata vipande, angalia usikate katikati ya kiputo.

WhatsApp inabana picha mpaka mistari inaota manyoya, ukituma kwa washkaji tuma kama dokumenti, siyo kama picha. Status haina namna, pale weka fremu moja moja. Kabla hujarusha popote jitumie mwenyewe kwanza, mpe mtu asiyejua stori asome kwenye simu ya kioo kidogo huku wewe umenyamaza, pale atakapovuta kwa vidole ndipo pa kurekebisha. Na sahihi yako iandike ndani ya mchoro, kwenye nguo ya mhusika au ukutani, usiiweke pembeni kule chini kwa sababu pembeni watu wanapakata wakiiba.